Kolekta: Sala Fupi Inayobeba Nia za Wengi



Kuna sala katika Misa Takatifu ambayo wengi wetu huisahau mara tunapoketi kusikiliza masomo. Ni Kolekta, sala inayohitimisha ibada za mwanzo. Katika Misale ya Kilatini, kwa kawaida Kolekta ni sentensi moja tu: humwita Mungu, mara nyingi hukumbuka sifa au tendo lake, huomba neema, kisha humalizia kwa njia ya Kristu.

Je, sentensi moja yawatosha watu waliojaa kanisani? Yawatosha, kwa kuwa sala hiyo haianzi pale padre anapofumbua kinywa. Jina lake latokana na neno la Kilatini lenye maana ya kukusanya. Padre akisha kusema “Tuombe”, hunyamaza kitambo, na katika ukimya huo kila mwamini huweka nia yake mbele za Mungu: huyu ana mgonjwa, yule amekosa ada ya shule, mwingine hajasemezana na nduguye tangu matanga. Ndipo padre hunyosha mikono na kuzikusanya nia zote. Ufupi wa sala ni heshima kwa yale ambayo waamini wamekwisha kuyasema moyoni. Padre anayetamka “Tuombe” na papo hapo kuanza kusoma (nasi tumo) huwanyima nafasi yao.

Mtaguso Mkuu wa Pili wa Vatikano, katika Konstitusio juu ya Liturujia Takatifu ya mwaka 1963, namba 34, uliagiza ibada ziwe fupi, wazi, zisizo na marudio yasiyofaa. Homilia nayo haikuachwa: Baba Mtakatifu Francisko, katika katekesi yake ya Juni 2024, alitaka isizidi dakika 8.

Hapo yatupasa kuungama. Miaka kadhaa iliyopita tuliongoza mazishi ya mtoto katika kigango kimoja. Tulifika bila maandalizi, tukahubiri karibu dakika 40 juu ya ufufuko. Hatukuwa na neno, ndiyo maana tulisema mengi. Mama wa marehemu alikuwa ameinama muda wote. Kaburini, katekista mzee alimwambia: “Mama, Mungu anamfahamu mtoto wako kwa jina.” Akanyamaza, akaketi karibu naye. Mama akainua uso.

Katika Jumuiya zetu Ndogo Ndogo, maombi ya waamini mara nyingine hugeuka kuwa taarifa ya habari. Mwombaji humsimulia Mungu mambo ya kijiji kizima, na pengine humsema jirani aliyeketi pale pale. Taja nia yako, omba, mwachie na mwenzako. Na Dominika ijayo njoni na nia zenu zikiwa tayari. Padre asipotulia baada ya “Tuombe”, mkumbusheni kwa upole kule sakristia, Misa ikiisha.