Usiache tembe zako zingojee mwisho wa mwezi

JE, msomaji, tarehe 20 ya mwezi ikifika na mfuko umeanza kulia, ni kitu gani unachokata kwanza katika matumizi ya nyumbani? Wengi watajibu kwamba hukata nyama. Wengine hukata nauli, wakaanza kwenda kazini kwa miguu. Lakini wako wanaokata kitu kingine bila kumwambia mtu yeyote, nacho ni tembe za shinikizo la damu.

Sababu yake si ngumu kuelewa. Njaa inauma, mwenye nyumba anabisha hodi, na mtoto anarudishwa nyumbani kwa sababu ya karo. Shinikizo la damu halibishi hodi. Mtu anaweza kukaa miaka mingi bila kuumwa hata na kichwa, ilhali damu inazidi kuisukuma mishipa na kuiharibu ile ya ubongo, moyo na figo. Uchunguzi wa kitaifa uliofanywa humu nchini mwaka 2015 ulionyesha kuwa karibu mtu mzima mmoja kati ya wanne alikuwa na shinikizo la juu, na wengi wao hawakuwa wakitumia dawa.

Nilikuwa na jirani aliyefanya kazi ya ulinzi wa usiku katika Eneo la Viwanda, Nairobi. Mzee huyo alinunua tembe za siku tatu tatu, kama vile tunavyonunua mafuta ya kupima. Siku alizopata alimeza, na siku alizokosa alisema mwili nao unahitaji kupumzika. Kiharusi kilimpata asubuhi moja ametoka kazini, akiwa anavua viatu. Mkono wa kulia haukurudi tena. Jamaa zake waliuza ng'ombe wawili na kuitisha harambee, deni la hospitali likalipwa. Lakini mkewe alilazimika kufunga kibanda chake cha mboga ili abaki nyumbani kumwosha na kumlisha, na mapato ya kibanda kile hakuna aliyeyatia katika hesabu.

Hebu basi tupige hesabu mimi nawe. Bei za dawa hutofautiana, lakini tuseme tembe yako ni Sh10 na unameza moja kwa siku. Hiyo ni Sh300 kwa mwezi. Ukiona ni nyingi, tazama upande wa mikopo ya simu. M-Shwari ilipoanza mwaka 2012 ilitoza ada ya asilimia 7.5 kwa mkopo wa siku 30, kwa hivyo aliyekopa Sh1,000 alirudisha Sh1,075. Hizo Sh75 ni tembe za wiki nzima. Na anayekopa kiasi hicho kila mwezi ili kuziba pengo la mwezi uliotangulia, kwa ada hiyo ametoa Sh900 kwa mwaka. Hizo ni tembe za miezi mitatu, naye hana hata moja mkononi.

Sisemi kwamba mikopo yote ni mibaya. Mkopo wa kuongeza bidhaa dukani unaweza kujilipa wenyewe. Wa kununulia unga haujilipi.

Iwapo unalipwa kwa mwezi, pitia duka la dawa siku ile ile ya mshahara, kabla ya soko na kabla ya marafiki, ununue tembe za mwezi mzima. Fedha zikishageuka kuwa tembe, hakuna shemeji atakayekuja kuziazima. Anayeishi kwa kibarua cha siku atenge shilingi zake kumi kila jioni mahali pasipo karibu na zile za matumizi. Wako wanaotumia mkebe uliofungwa, wako wanaotumia akaunti ya simu isiyofunguka kabla ya tarehe waliyoiweka. Yote ni sawa mradi fedha hizo zisionekane kwa urahisi.

Kuna swali ambalo wengi huona haya kuliuliza. Dawa moja huwa na majina mawili, la dawa yenyewe, mfano amlodipini, na lile ambalo kampuni imeipa. Dawa ni ile ile, lakini bei huweza kupishana sana. Mwombe daktari akuandikie jina la dawa yenyewe, kisha umwulize mwenye duka ni ipi iliyo nafuu kati ya zile alizo nazo. Hakuna aibu hapo. Nyanya unazipigania bei kila siku.

Kuhusu bima, NHIF ilikwisha na nafasi yake ikachukuliwa na SHA tarehe 1 Oktoba 2024. Mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75, na hakuna anayelipa chini ya Sh300 kwa mwezi. Tatizo lilikuwa kwa fundi, mama mboga na mwenye bodaboda, ambao mpango wao ulipoanza ulikuwa wa kulipia mwaka mzima kwa mkupuo, yaani si chini ya Sh3,600. Ikiwa uko katika chama, omba zamu yako iangukie mwezi wa kulipia bima. Vyama vingi hununua sufuria na blanketi. Wanachama kumi wakichanga wanaweza pia kununua kipimo cha shinikizo la damu na kukizungusha nyumba kwa nyumba.

Na ikitokea umeishiwa kabisa, rudi kliniki umweleze daktari ukweli kwamba fedha zimekwisha. Mara nyingi anaweza kukubadilishia dawa akakupa ya bei ya chini. Usimeze tembe za jirani hata kama rangi ni moja na zako, na ukisahau za leo, usimeze mbili kesho ili kufidia.