Kasuku Mchanga: Dume au Jike?

Jogoo na tetea wakisimama uani, hata mtoto mdogo hawezi kukosea. Jogoo ana upanga mkubwa, ana manyoya marefu ya mkia, tena huwika. Lakini chukua vifaranga vya siku moja uulize yupi jogoo na yupi tetea. Hapo watu wazima nao watanyamaza. Shida ya kasuku ni kubwa kuliko hiyo, kwa kuwa katika aina nyingi za kasuku dume na jike hufanana hata wakiisha kukomaa. Hata hivyo wauzaji hawakosi kusema, "Huyu ni dume, atasema upesi, bei yake ni zaidi." Yafaa tujue ni lini neno hilo ni kweli, na ni lini ni mbuzi kwenye gunia.

Jambo la kwanza ni kujua aina ya ndege. Hakuna dalili moja inayofaa kwa kasuku wote.

Wanaofugwa sana duniani ni bajerigari, yaani kasuku wadogo wa asili ya Australia. Tazama ngozi laini iliyo juu ya mdomo, penye mianzi ya pua. Dume aliyekomaa huwa na ngozi ya buluu, na jike huwa na ya rangi ya udongo. Kinda dume ana ngozi ya waridi au zambarau, yenye rangi moja pande zote. Kinda jike ana ngozi iliyopauka, nyeupe au buluu hafifu, na mara nyingi kuna duara jeupe kuzunguka kila mwanzi wa pua. Utamjua kinda kwa mistari myeusi inayoshuka kipajini mpaka karibu na mdomo. Mistari hiyo hutoweka anapobadili manyoya, akiwa na miezi mitatu au minne hivi. Lakini angalia: madume weupe kabisa au wa manjano kabisa hubaki na ngozi ya waridi maisha yao yote, basi kwao kanuni ya buluu haifai.

Wa pili ni kasuku wa kijani mwenye mkia mrefu, aliye wengi Bara Hindi, na ambaye sasa huruka huru hata Oman na London. Dume huvaa pete nyeusi na waridi shingoni, lakini pete hiyo huchelewa mpaka mwaka wa pili au wa tatu. Kabla ya hapo makinda wote huonekana kama majike. Kwa hiyo kukosa pete si ushahidi wa jike.

Wako wachache wenye alama ya mapema. Kwa mfano kasuku mdogo mwenye uso mwekundu, anayepatikana Uganda: kinda dume ana manyoya meusi chini ya bawa, na jike ana ya kijani.

Sasa tuje nyumbani. Malawi inaye kasuku mdogo wa Lilian, mwenye urefu wa sentimita 13 hivi, uso wa rangi ya machungwa na duara jeupe kuzunguka jicho. Makao yake makubwa ni misitu ya mopani ya Liwonde, iliyofanywa hifadhi ya taifa mwaka 1973. Kadhalika, ndugu zetu wa Dzaleka waliotoka Kongo wanamjua kasuku wa kijivu mwenye mkia mwekundu, bingwa wa kuiga maneno. Kwa hawa wawili jicho halisaidii. Dume na jike ni sawa. Ukubwa wa kichwa, ukali na wingi wa maneno si dalili za kutegemea. Wengine hupapasa mifupa ya nyonga, wakisema ya jike imeachana; lakini mifupa hiyo hupanuka jike akikaribia kutaga, kwa hiyo kwa kinda haisemi kitu. Hata wawili wanaolala pamoja na kulishana si lazima wawe mume na mke, maana majike wawili huweza kufanya hivyo, wakataga mayai mengi yasiyoanguliwa.

Ukweli umo ndani ya damu. Binadamu mwanamume ana kromosomu mbili zisizofanana, na mwanamke ana mbili zinazofanana. Kwa ndege ni kinyume: jike ndiye mwenye zisizofanana. Tangu miaka ya 1990 maabara huweza kuitambua tofauti hiyo kwa tone la damu, au kwa unyoya mbichi uliong'olewa na shina lake. Kazi hiyo hufanyika hata kwa kinda.

Huenda msomaji akauliza, kuna faida gani? Faida ni uhai wa ndege. Jike aliye peke yake tunduni huweza kutaga bila dume, na pengine yai hukwama. Akiitwa dume, mwenyewe hatalifikiria yai. Basi kasuku yeyote usiyemjua vema akikaa chini ya tundu amejivimbisha, akijikamua na kuhema, mtie mahali penye joto na umpeleke kwa daktari wa mifugo siku hiyo hiyo.

Tena tusisahau sheria. Biashara ya kimataifa ya kasuku wa kijivu waliokamatwa porini imepigwa marufuku tangu mwaka 2017, na wanyama pori wa Malawi wanalindwa na sheria ya mwaka 1992, iliyorekebishwa mwaka 2017. Anayeuza makinda ya porini kwa jina la "dume na jike" pengine anakosa mara mbili: kwa ndege na kwa mnunuzi.

Kwa hiyo, mwenye kinda asiyejulikana ampe jina linalofaa wote wawili, amlishe vizuri, na angoje. Yai likionekana, ubishi umekwisha.