Mtoto Anayesomea Nyumbani Naye Aandikiwe Daftari

Mali bila daftari hupotea bila habari. Ndivyo walivyosema wahenga, na hakuna mwenye duka asiyeujua ukweli wa maneno hayo. Leo kilo moja ya sukari imetolewa kwa mkopo, kesho mche mmoja wa sabuni, na mwisho wa mwezi rafu zi tupu na kisanduku cha fedha nacho ki kitupu, wala hakuna awezaye kueleza bidhaa zilikwenda wapi. Je, ndugu msomaji, umepata kufikiri kwamba elimu ya mtoto nayo ni mali, na kwamba nayo yaweza kupotea vivyo hivyo?

Shuleni jambo hili lina wenyewe. Mwalimu ana azimio la kazi na andalio la somo. Kila asubuhi huita majina katika daftari la mahudhurio, na mwisho wa muhula mzazi hupokea ripoti ya maendeleo ya mwanawe. Nyumbani mambo huwa mengine kabisa. Mtoto huweza kufundishwa miezi mitatu mfululizo, leo na mama, kesho na kaka yake, keshokutwa na bibi, na mwisho wake asipatikane hata mtu mmoja awezaye kusema kwa yakini mtoto huyo amejua nini na amekwama wapi.

Yamkini utajibu kuwa habari hii haikuhusu, maana watoto wako wote wako shuleni. Ni kweli kwamba hapa Tanzania Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 inamtaka kila mtoto aliyetimiza miaka saba aandikishwe shule ya msingi, na makala haya hayamshauri mzazi yeyote kumtoa mwanawe darasani. Lakini tukumbuke ya mwaka 2020. Ugonjwa wa korona ulipoingia, shule zetu zilifungwa mwezi Machi, na wanafunzi wengi hawakurudi madarasani mpaka tarehe 29 Juni. Jirani zetu wa Kenya walikaa muda mrefu zaidi, kwani wanafunzi wao wengi walirejea mwezi Januari, 2021. Katika miezi hiyo kila sebule iligeuka darasa, na kila mzazi akawa mwalimu bila kuombwa.

Tena si lazima tungoje janga. Yuko mtoto mwenye selimundu ambaye maumivu humlaza kitandani majuma kadhaa katika mwaka. Yuko aliyevunjika mguu, na yuko ambaye wazazi wake wamehamishwa kikazi katikati ya muhula. Wapo pia wale wanaosaidiwa masomo yao kila jioni wazazi watokapo kazini. Wote hao, kwa muda mrefu au mfupi, wanasomea nyumbani, na wote wanahitaji mtu wa kuandika habari zao.

WENZETU WALIVYOIWEKA SHERIANI

Ziko nchi ambako kumfundisha mtoto nyumbani mwaka hata mwaka ni jambo linaloruhusiwa na sheria, na huko suala la kumbukumbu limefikiriwa kwa makini. Nchini Marekani kila jimbo lina utaratibu wake. Katika jimbo la Texas mzazi hadaiwi taarifa yoyote na serikali. Katika jimbo la New York hutakiwa kupeleka taarifa mara nne kwa mwaka, akitaja saa alizofundisha na mambo yaliyosomwa.

Jimbo la Pennsylvania lilitunga sheria yake mwaka 1988. Mzazi hutakiwa kufundisha kwa siku 180 katika mwaka, au saa 900 kwa mtoto wa shule ya msingi na saa 990 kwa yule wa sekondari. Ukizigawa saa 900 kwa siku 180 utapata saa tano kwa siku. Lakini sheria hiyo haikutosheka na hesabu ya saa. Inamtaka mzazi atunze jalada lenye vitu viwili hasa. Cha kwanza ni daftari linalotaja kwa jina kila kitabu kilichotumika. Cha pili ni vielelezo vya kazi ya mtoto mwenyewe: maandishi yake, mazoezi yake, michoro yake. Mwisho wa mwaka mwalimu mwenye cheti, au mtaalamu mwingine anayekubalika, hulipitia jalada hilo na kuzungumza na mtoto ana kwa ana, ndipo aandike kama elimu ya kufaa inatolewa.

Katika sheria hiyo liko sharti moja ambalo kila mzazi angefaa kulishika, popote alipo. Daftari hilo liandikwe wakati uleule masomo yanapofanyika. Lisiandikwe mwisho wa mwezi kwa kubahatisha, wala usiku wa kuamkia siku ya kukaguliwa. Kumbukumbu ya binadamu ina upendeleo. Baada ya majuma matatu mzazi hukumbuka siku zile mtoto alipomfurahisha au alipomuudhi, na zile siku za kawaida, ambazo ndizo nyingi, humtoka kabisa.

Busara hiyo ni ya zamani kuliko sheria yenyewe. Charles Darwin, mtaalamu wa viumbe wa Uingereza, alipopata mtoto wake wa kwanza mwaka 1839 alianza kuandika papo hapo kila alichokiona kwake: hasira, woga, mapenzi, dalili za kwanza za akili. Miaka 37 baadaye aliyafungua maandishi hayo, na mwaka 1877 akayachapisha yawafae wataalamu wengine. Asingaliweza kufanya hivyo kwa kutegemea kichwa chake tu, ingawa kichwa chenyewe kilikuwa cha Darwin.

ANDIKA ALICHOFANYA MTOTO

Sasa tuje kwenye kiini cha jambo. Wazazi wengi wanaojaribu kuweka kumbukumbu huandika walichofundisha wao: "Leo hesabu, kutoa. Leo kusoma, ukurasa wa 12." Daftari la namna hiyo ni habari za mwalimu, na mtoto hayumo. Kinachotakiwa ni kuandika mtoto mwenyewe alifanya nini.

Mwalimu mashuhuri wa Uswisi, Pestalozzi, alilitambua jambo hili nyumbani kwake. Mwaka 1774 alikuwa akimfundisha mwanawe wa kiume, ambaye alikuwa bado hajatimiza miaka minne, na akaandika maendeleo yake kwa tarehe. Katika kuandika huko alikuta kwamba mtoto aliyajua majina ya namba na kuyataja kwa ghibu, ila hakujua namba yenyewe ina maana gani. Laiti angeliandika tu kwamba leo tumefundisha kuhesabu, asingaliuona upungufu huo.

Tuchukue mfano wa karibu zaidi. Tuseme mtoto wa miaka minane anafanya hesabu za kutoa. Jumatatu amepewa 52 kutoa 27, akajibu 35. Jumanne amepewa 41 kutoa 18, akajibu 37. Jumatano amepewa 63 kutoa 29, akajibu 46. Mzazi anayeweka alama tu ataandika kosa, kosa, kosa. Ijumaa atasema mtoto huyu ni mzito, na mtoto naye atasikia na kuamini.

Lakini mzazi aliyenakili majibu yenyewe, akayaweka moja chini ya jingine, ataona jambo tofauti. Mtoto hakubahatisha hata mara moja. Kila safari amechukua tarakimu ndogo akaitoa katika kubwa bila kujali ipi iko juu: saba kutoa mbili, nane kutoa moja, tisa kutoa tatu. Ana kanuni yake, nayo anaifuata kwa uaminifu, ila kanuni yenyewe ni potofu. Huyu haitaji kukemewa wala kupewa hesabu ishirini zaidi. Anahitaji vijiti vilivyofungwa kumi kumi, aoneshwe kwamba vijiti viwili visipotosha kutolewa saba, hufunguliwa fungu moja la kumi na kupatikana kumi na viwili. Pengine jioni moja yatosha.

Hapo ndipo ilipo faida ya daftari. Maandishi ya siku tatu yamemwokoa mtoto na jina la uzito ambalo lingeweza kumfuata mpaka ukubwani.

NAMNA YA KULITUNZA

Kazi yenyewe haihitaji gharama kubwa wala elimu ya chuo. Nunua kaunta buku moja, iwe ya mtoto huyo peke yake. Kila ukurasa upige mistari upate sehemu nne: tarehe, alichosoma, kwa jina la kitabu na kurasa, alichofanya mwenyewe bila msaada, na kilichomshinda. Dakika kumi za kila jioni zatosha kabisa. Siku isiyo na masomo nayo iandikwe pamoja na sababu yake, kama homa, msiba au safari, ili pengo lisije likadhaniwa ni uvivu.

Maneno yawe machache na yawe ya jambo lililoonekana. Kwa mfano:

"Jumanne. Amesoma kurasa nne za hadithi kwa sauti. Amechanganya 'l' na 'r' mara tatu: 'kura' mahali pa 'kula'. Amesimulia kisa chote kwa maneno yake bila kutazama kitabu."

"Jumatano. Ametumwa gengeni na shilingi 2,000. Amenunua nyanya za 500 na mafuta ya 1,000. Kabla ya kupewa chenji alishasema itakuwa 500."

Tazama kwamba safari ya gengeni imeandikwa sawa na somo la kitabuni. Yafaa iwe hivyo. Mtoto anayepima unga kwa kibaba na kuona kwamba vibaba vinne ni pishi moja, yuko katika hesabu. Anayeandika barua kwa shangazi yake aliyeko kijijini yumo katika Kiswahili.

Aliyeshinda na mtoto ndiye aandike, hata kama si mzazi. Katika nyumba nyingi za mjini baba na mama hutoka alfajiri na kurudi jioni, na mtoto hubaki na bibi, shangazi au dada wa kazi. Asiyejua kuandika asimulie, na mwingine aandike kwa kutaja jina la msimuliaji. Mara nyingi bibi aliyekaa kimya barazani ameona mengi kuliko aliyekuwa ameshika chaki.

Pamoja na daftari pawe na jalada. Humo weka kazi chache tu za mtoto, labda insha moja na ukurasa mmoja wa hesabu kila mwezi, zikiwa na tarehe na makosa yake yote. Usizisahihishe kwa kufuta. Insha ya Februari ikiwekwa kando ya ile ya Juni, kila mtu atayaona maendeleo bila kuhitaji alama. Picha za simu zaweza kusaidia, lakini simu huibwa na huharibika, hivyo karatasi zisitupwe.

Jumapili ikifika, mzazi asome upya kurasa za juma zima na kuchagua jambo moja tu la kushughulikia juma lijalo. Daftari lisilosomwa na mtu halimfai mtoto kitu.

LISIWE KIBOKO

Liko la kutahadhari. Daftari hili ni chombo cha kumfahamu mtoto, na mzazi mwenye hasira huweza kuligeuza kuwa hati ya mashtaka. Lisisomwe mbele ya wageni. Lisitumiwe kumlinganisha mtoto na mdogo wake au na mtoto wa jirani. Maneno kama "mvivu", "mkaidi" na "hana akili" yasiingie humo, kwa sababu hayaelezi kitendo chochote kilichoonekana. Mahali pa "amekuwa mvivu leo" andika "ameacha kusoma baada ya dakika kumi, akasema macho yanauma." Maneno hayo yakirudiwa siku nne katika juma moja, tayari una sababu ya kumpeleka kwa daktari wa macho.

Aidha, mtoto mwenyewe apewe nafasi ya kulisoma daftari lake. Akifikia umri wa kuandika vizuri, sehemu ya tatu aijaze mwenyewe, aeleze ni jambo gani ameliweza leo. Mtoto anayezoea kujipima hivyo hangojei kuambiwa na watu kama amefaulu.

Na siku atakaporudi darasani, au atakapohamia shule nyingine, mzazi asiende kwa mwalimu mikono mitupu na kusema tu kwamba mtoto alikuwa akisoma nyumbani. Andika muhtasari wa nusu ukurasa kutoka katika daftari: vitabu alivyomaliza, mahali alipofikia katika hesabu, na jambo ambalo bado linamshinda. Mwalimu mwenye wanafunzi wengi darasani atakushukuru, kwa kuwa utakuwa umempunguzia majuma kadhaa ya kumchunguza mtoto huyo. Mtoto naye hatarudishwa kwenye alichokwisha kukijua, wala hatarukishwa asichokijua.

Basi, ndugu msomaji, usingoje mwaka mpya wala muhula mpya. Jioni ya leo, chakula kikishaondolewa mezani, fungua ukurasa wa kwanza. Andika tarehe, andika jambo moja ulilomwona mtoto akilifanya mwenyewe, na jambo moja lililomshinda. Kesho utajua pa kuanzia.