Tusingoje Kukutana Matangani

Zamani maradhi ya moyo yalidhaniwa kuwa ni ya wazungu na ya matajiri wenye matumbo makubwa. Mkulima wa jembe na mama wa sokoni walihesabiwa kuwa wako salama. Dhana hiyo imekwisha kupitwa na wakati. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba katika mwaka wa 2019 watu milioni 17.9 walifariki kwa maradhi ya moyo na ya mishipa ya damu, na zaidi ya robo tatu ya vifo hivyo vilitokea katika nchi za kipato cha chini na cha wastani, yaani nchi kama hii yetu. Hapa Kenya, uchunguzi uliofanywa nchini kote mwaka wa 2015 ulionyesha kwamba karibu mtu mzima mmoja katika kila wanne alikuwa na presha ya juu, na zaidi ya nusu ya watu wazima walikuwa hawajapata kupimwa presha hata siku moja.

Lakini jambo ninalotaka tulitazame leo, ndugu msomaji, si idadi ya wagonjwa. Ni upweke wao.

Mtu akishikwa na malaria, hulala kitandani akitetemeka. Majirani humwona, huja na uji na maneno ya pole. Mwenye presha hatetemeki. Huamka asubuhi, huenda kazini, hucheka na wenzake. Daktari amemwambia ameze vidonge kila siku, apunguze chumvi, aache sigara na atembee kwa miguu. Miezi miwili ikipita bila ya maumivu yoyote, hujiuliza: "Dawa ya nini, na mimi siumwi?" Pesa za vidonge zikageuka karo ya shule. Hapana aliyemwuliza, kwa sababu hapana aliyejua. Siku kiharusi kinapomwangusha, au moyo unaposimama, ndipo watu wote wanapofika. Kamati huundwa, mchango hukusanywa, basi la kwenda nyumbani hukodiwa.

Sisi ni hodari sana wa kukusanyika matangani. Ustadi huo huo, lau tungeutumia mapema, ungeweza kuwaacha wengi wakiwa hai.

Walianza wanne

Fikira ya wagonjwa wa moyo kusaidiana si ngeni duniani. Wakati wa Vita Kuu vya Pili, daktari mmoja Mmarekani, Dwight Harken, alijipatia sifa kwa kuondoa vipande vya vyuma vilivyoingia ndani ya mioyo ya askari au kando yake. Aliwapasua askari 134, na hakuna hata mmoja aliyefariki. Baada ya vita aliendelea na kazi hiyo mjini Boston, na huko, mwaka wa 1951, wagonjwa wanne aliokuwa amewapasua walianzisha chama chao. Walikiita Mended Hearts, ambalo kwa lugha yetu ni kama kusema mioyo iliyoungwa. Kazi yao ilikuwa kumtembelea mtu anayengoja kupasuliwa na kumwonyesha kwa macho kwamba binadamu hupasuliwa moyo na akaishi. Daktari aliweza kumwambia mgonjwa asiogope. Aliyeweza kumwondolea hofu ni yule aliyelala kitanda hicho hicho kabla yake.

Kwetu sisi, jambo hilo lina jina tangu zamani: chama. Tuna vyama vya kuweka akiba, vya kununuliana vyombo, vya kuzikana. Hivyo haikuwa ajabu kwamba tiba nayo ilipata nafasi humo. Kuanzia Agosti 2013, shirika la Madaktari Wasio na Mipaka, ambalo liliendesha kliniki Kibera hadi 2017, liliwaweka wagonjwa wa presha, wa kisukari na wa virusi vya Ukimwi ambao hali zao zilikuwa zimetulia katika vikundi vya watu 25 hadi 35. Kila baada ya miezi mitatu kikundi kilikutana, watu wakapimwa, wakazungumza juu ya afya, kila mmoja akachukua dawa zake zilizokwisha kufungwa tayari, akaenda zake. Foleni ya siku nzima ikaepukwa. Na aliyekosa kufika alionekana kuwa hayupo, jambo ambalo katika foleni ya watu mia haliwezekani.

Huko magharibi mwa Kenya, wataalamu wa mpango wa AMPATH wenye makao yake Eldoret walikwenda mbele zaidi. Waliona kwamba mgonjwa anayeshindwa kununua dawa hatasaidiwa na mawaidha matupu. Katika utafiti uliotangazwa mwaka wa 2021, uliowahusu watu 2,890 wenye presha au kisukari, baadhi yao walipata matibabu ya kawaida, wengine walitibiwa kwa vikundi, wengine waliingia katika vikundi vya kuweka akiba na kukopeshana, na wengine walipata yote mawili. Baada ya mwaka mmoja, namba ya juu ya presha ilikuwa imeshuka kwa wastani wa 11.4 kwa wale wa matibabu ya kawaida, na 16.4 kwa wale waliotibiwa pamoja na kuweka akiba pamoja. Watafiti wenyewe walionya kuwa tofauti hiyo haikutosha kumaliza ubishi wote. Hata hivyo njia inaonekana: kitabu cha akiba na kipimo cha presha vyaweza kukaa juu ya meza moja.

Chungu ni kimoja

Wahenga walisema mgonjwa haulizwi uji. Mgonjwa wa moyo ni lazima aulizwe, tena aulizwe umetiwa nini.

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asile zaidi ya gramu 5 za chumvi kwa siku, nazo hazijazi kijiko cha chai. Ni rahisi daktari kulitamka neno hilo. Lakini katika nyumba zetu chungu ni kimoja, na mpishi ni mmoja. Baba hawezi kupikiwa mboga zake na watoto zao. Na akienda ugenini, akikataa chakula ataonekana ana kiburi.

Hapo ndipo mgonjwa mwenzako anapokufaa kuliko kitabu. Atakwambia alivyoiondoa chumvi mezani kwanza, kisha akaipunguza jikoni kidogo kidogo mpaka ulimi wa nyumba nzima ukazoea. Atakwambia kuwa limau, dhania, tangawizi na kitunguu saumu huamsha mchuzi bila ya chumvi nyingi, na kwamba ule unga wa mchuzi wa pakiti una chumvi yake ndani. Atakufundisha hata namna ya kumwambia mwenyeji wako, kwa adabu, kwamba kipande kimoja cha nyama kinatosha.

Wako pia vijana, ambao wengi huwasahau. Mtoto akiumwa koo mara kwa mara bila ya kutibiwa vizuri, yaweza kumletea homa ya baridi yabisi, nayo huharibu vilango vya moyo. Wengine hulazimika kudungwa sindano ya penisilini kila mwezi kwa miaka mingi. Waliowekewa vilango vya chuma humeza warfarini ili damu isigande. Dawa hiyo haipatani na mabadiliko ya ghafla ya mboga za majani. Anayekula sukuma wiki leo debe zima, na wiki ijayo asionje hata jani, humsumbua daktari wake katika kupima dawa. Haambiwi aache sukuma wiki. Aambiwa ale kwa kiasi kisichobadilikabadilika. Msichana wa miaka 17 atalisikia neno hilo vizuri zaidi kutoka kwa msichana mwenzake mwenye kovu kifuani kama lake.

Wanaume wako wapi?

Katika utafiti ule wa magharibi, karibu watu saba katika kila kumi walikuwa wanawake. Wanaume ni wazito kukaa katika kikao na kusema, "Mimi naumwa." Labda lugha yetu nayo ina mkono hapo. Tumeufanya moyo kuwa makao ya ushujaa: tunaambiana tujipe moyo, tusivunjike moyo. Mwanamume akiambiwa moyo wake ni mbovu, husikia kama ameitwa mwoga. Basi na tuseme wazi kwamba kumeza kidonge kila siku kwa miaka 20, bila ya kupigiwa makofi, ni ushujaa unaowashinda wengi.

Chama hakiwi daktari, na hilo lisisahauliwe. Kidonge cha mwenzako si chako, hata kama maradhi ni ya jina moja. Wala asitokee mtu kikaoni akawauzia wengine mizizi na kuwaambia watupe dawa za hospitali. Mazoezi ni mema, na nusu saa ya kutembea haraka kwa siku tano katika wiki inatosha kwa watu wazima wengi, lakini aliyepasuliwa au aliyepata mshtuko wa moyo na amwulize daktari kwanza. Na mtu akibanwa na kifua, maumivu yakipanda mkononi au tayani, pumzi zikikatika na jasho baridi likimtoka, apelekwe hospitali saa ile ile.

Kuanza hakuhitaji mengi. Watu watano wanaokutana kliniki siku moja wanatosha. Na wachange pole pole wanunue kipimo kimoja cha presha, wawe na daftari moja la kuandikia namba, na wamchague mmoja wa kumpigia simu yeyote asiyeonekana. Simu hiyo haigharimu hata sehemu ndogo ya mchango wa mazishi.