Ujira wa Kibarua Usilale Kwetu: Wajibu wa Mwajiri na Mkandarasi Katika Kazi za Ujenzi

Ni vigumu kupata parokia isiyokuwa na ujenzi. Hapa kigango kinapandisha kuta za kanisa, pale watawa wanaongeza madarasa, na kwingine familia ya Jumuiya Ndogo Ndogo inajinyima ili ipaue nyumba yake. Tunachangishana saruji, nondo na mabati, na siku ya kutabaruku tunamshukuru Mungu kwa nderemo. Lakini ni mara chache tunauliza habari za yule kijana aliyebeba zege kichwani kuanzia alfajiri: Je, alilipwa? Alipoanguka kutoka jukwaani, ni nani aliyemtibu?

Tuchukue mfano wa kigango kilichopatana na fundi mkuu ajenge nyumba ya katekista. Fundi akaja na vibarua kumi. Kamati ya ujenzi ikamlipa fundi kwa awamu, naye akatoweka na awamu ya mwisho. Vibarua wakaja kwa mwenyekiti wa kigango wakidai jasho lao, wakajibiwa: “Sisi tulishamalizana na fundi.” Je, jibu hilo linatosha mbele ya sheria? Na mbele ya Mungu?

Kanisa linafundisha nini

Maandiko Matakatifu yanalisema jambo hili bila kuficha. Kitabu cha Kumbukumbu la Torati, sura ya 24, kinaagiza kibarua maskini alipwe siku ileile kabla jua halijatua, kwa kuwa maisha yake yanautegemea ujira huo. Nabii Yeremia, sura ya 22, anamtamkia ole mtu anayejijengea jumba kwa kumtumikisha mwenzake bila malipo. Mtakatifu Yakobo naye, katika sura ya 5 ya Waraka wake, anaonya kwamba ujira uliozuiliwa kwa hila unapiga kelele, na kilio cha wavunaji kimemfikia Bwana. Kwa msingi huo Katekisimu ya Kanisa Katoliki inaihesabu dhuluma dhidi ya mfanyakazi wa ujira miongoni mwa dhambi zinazolilia mbinguni.

Mwaka 1891 Baba Mtakatifu Leo wa XIII, katika Waraka wake *Rerum Novarum*, alifundisha kwamba makubaliano matupu hayatoshi kuuhalalisha ujira. Mtu anaweza kukubali malipo duni kwa sababu tu njaa inambana. Miaka 90 baadaye, katika *Laborem Exercens* ya mwaka 1981, Mtakatifu Yohane Paulo II alitofautisha mwajiri wa moja kwa moja na mwajiri asiye wa moja kwa moja. Huyu wa pili ni mtu au taasisi yoyote ambayo maamuzi yake huathiri masharti ya kazi, hata kama si yeye aliyepatana na mfanyakazi. Kamati inayopanga bei ya ujenzi na kuharakisha tarehe ya kumaliza haiwezi kujitoa katika fundisho hili.

Mwajiri ni nani?

Kwa upande wa Tanzania Bara, mahusiano ya kazi yanaongozwa hasa na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini na Sheria ya Taasisi za Kazi, zote za mwaka 2004. Kisheria, mdaiwa wa kwanza wa kibarua ni yule aliyemwajiri. Mkandarasi akipewa kazi nzima, akaleta watu wake, akawapangia na kuwalipa, yeye ndiye mwajiri wao. Akimpa sehemu ya kazi mkandarasi mdogo, huyo naye anakuwa mwajiri wa wale aliowaleta.

Mara nyingi, hata hivyo, mwenye kazi hununua vifaa mwenyewe, huwaita vibarua mwenyewe, huwapangia saa na kuwalipa kila jioni, huku akidhani kwamba yeye ni “mteja” tu. Sheria ya Taasisi za Kazi haitazami jina, hutazama hali halisi. Mtu hudhaniwa kuwa mwajiriwa, mpaka ithibitishwe vinginevyo, ikiwa dalili mojawapo kati ya zilizotajwa ipo: kwa mfano, anafanya kazi chini ya maelekezo ya mwingine, amepangiwa saa, anapewa vitendea kazi, au anamtegemea mtu huyo kwa riziki yake. Kwa hiyo kamati ya kigango inayosimamia vibarua siku kwa siku inaweza kuwa mwajiri bila kujua.

Wajibu wa mwajiri kwa kibarua

Wapo wanaoamini kwamba kibarua wa kutwa hana haki yoyote kwa sababu hakusaini karatasi. Si kweli. Mkataba wa mdomo ni mkataba. Zaidi ya hayo, mwajiri ndiye anayetakiwa kumpa mfanyakazi maelezo ya maandishi kuhusu kazi yake, saa na malipo, isipokuwa kwa yule anayemfanyia kazi pungufu ya siku 6 kwa mwezi. Shauri likifika mbele ya vyombo vya sheria na mwajiri akashindwa kutoa maandishi hayo, mzigo wa kuthibitisha unamwangukia yeye.

Saa za kawaida ni zisizozidi 9 kwa siku na 45 kwa wiki. Mfanyakazi anastahili mapumziko ya saa moja baada ya kufanya kazi saa 5 mfululizo. Saa za ziada hufanywa kwa makubaliano, na kila saa hulipwa mara moja na nusu ya ujira wa kawaida. Kazi katika siku ya mapumziko ya wiki au sikukuu ya kitaifa hulipwa mara mbili.

Tufanye hesabu. Kibarua analipwa shilingi 18,000 kwa saa 9, yaani shilingi 2,000 kwa saa. Akifanya kazi Jumatatu hadi Jumamosi kwa saa 9 kila siku, amefanya saa 54. Saa 45 ni za kawaida, sawa na shilingi 90,000. Saa 9 zilizobaki ni za ziada, kila moja shilingi 3,000, jumla shilingi 27,000. Stahili yake ni shilingi 117,000. Anayempa 108,000 kwa kuzidisha siku sita tu amembakizia shilingi 9,000, ambazo kwa familia yake ni unga wa siku kadhaa.

Baada ya mwezi wa kwanza wa kazi, hata anayelipwa kwa siku au kwa wiki anastahili taarifa ya siku zisizopungua 4 kabla ya kuachishwa. Mtoto aliye chini ya miaka 14 haajiriwi kabisa, na aliye chini ya miaka 18 hapelekwi kwenye kazi za hatari. Kupanda majukwaa na kubeba zege si kazi ya mwanafunzi wa likizo, hata akiwa mtoto wa kwaya.

Usalama eneo la ujenzi

Torati, katika sura ya 22 ya Kumbukumbu la Torati, inamwagiza anayejenga nyumba mpya aweke ukingo juu ya dari, ili asijiletee hatia ya damu mtu akianguka. Hiyo ni kanuni ya usalama wa ujenzi iliyoandikwa kabla ya zege kuvumbuliwa nchini mwetu.

Ijumaa Kuu ya tarehe 29 Machi 2013, jengo la ghorofa lililokuwa likijengwa katika Mtaa wa Indira Gandhi, Dar es Salaam, liliporomoka na kuua watu zaidi ya 30. Siku hiyo itukumbushe kwamba uzembe wa ujenzi hauishii kwa mjenzi peke yake.

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, inayosimamiwa na Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi (OSHA), inamtaka mwajiri asajili eneo la kazi na kuwakinga wafanyakazi dhidi ya hatari. Kofia ngumu, mabuti, glavu na mkanda wa usalama hutolewa na mwajiri, wala gharama yake haikatwi kwenye ujira. Waumini wanaojitolea siku ya Jumamosi wasisahauliwe: jukwaa bovu halichagui kati ya anayelipwa na anayejitolea.

Ajali ikitokea

Chini ya Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008, kila mwajiri Tanzania Bara anapaswa kujisajili katika Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF). Mchango hulipwa na mwajiri peke yake. Mfuko hugharimia matibabu, hufidia ulemavu, husaidia mazishi na huwapa pensheni wategemezi wa aliyefariki kwa ajali ya kazi. Ajali itolewe taarifa mara moja, na majina ya mashahidi yaandikwe. Kumpa majeruhi nauli ya kurudi kijijini si fidia.

Haki ikizuiliwa

Mfanyakazi anaweza kumwendea Afisa Kazi au kufungua mgogoro katika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA). Muda ni mfupi: siku 30 kwa madai ya kuachishwa kazi isivyo halali, na siku 60 kwa madai mengine, ukiwamo ujira usiolipwa. Wengi hupoteza haki yao kwa kungoja ahadi za “wiki ijayo”.

Kamati zetu zifanye nini?

Kabla ya kusaini, kamati ithibitishe usajili na daraja la mkandarasi katika Bodi ya Usajili wa Makandarasi (CRB). Mkataba utamke kwamba vibarua watalipwa kila wiki, na kwamba awamu inayofuata haitatolewa mpaka orodha ya malipo yenye saini zao ionekane. Sehemu ya fedha izuiliwe hadi mwisho wa kazi kwa ajili ya madai yaliyobaki. Na bei ikiwa ya chini kupita kiasi, tuulize nani anabeba hasara hiyo.

Turudi kwa vibarua wale kumi. Ikiwa fundi alikuwa mwajiri wao kweli, yeye ndiye mdaiwa kisheria, na kamati iwasaidie kumfikisha kwenye Tume kabla siku 60 hazijapita. Ikiwa kamati ndiyo iliyowasimamia na kuwapangia kazi, deni huenda likawa lake. Katika hali zote mbili, “tulishamalizana na fundi” si jibu la Kikristo. Mtakatifu Yosefu, ambaye Kanisa humkumbuka kila tarehe 1 Mei kama Mfanyakazi, alimlea Mwana wa Mungu kwa ujira wa mikono yake. Nyumba ya Mungu isijengwe kwa ujira uliozuiliwa.