Kompyuta Ivujayo Kama Mashua

Katika pwani ya kaskazini ya Cabo Delgado, nchini Msumbiji, kuanzia Mocímboa da Praia hadi Palma, mwenye mashua hangoji chombo kizame ndipo akitie kalafati. Maji yakupwapo hukilaza ubavu mchangani, akatafuta uwazi baina ya mbao na kuuziba kwa pamba iliyotiwa mafuta. Ajua kuwa uwazi mwembamba kama uzi haumzuii kwenda kuvua asubuhi. Bali safari ikirefuka, ngama hujaa, na mabaharia huacha nyavu wakashika ndoo.

Kompyuta nayo hupatwa na maradhi kama hayo, yaitwayo uvujaji wa kumbukumbu. Askari aliyewahi kulinda ghala atayafahamu upesi. Programu ifanyapo kazi huazima nafasi katika kumbukumbu ya mtambo, mithili ya askari achukuaye kifaa kwa saini. Kazi ikiisha, yapasa nafasi hiyo irudishwe. Isiporudishwa, siku hiyo halionekani kosa. Lakini baada ya maombi maelfu ghala huwa tupu, ilhali vifaa havitumiwi na mtu, na mtambo husimama.

Ndivyo ilivyokuwa London mwaka 1992. Idara ya magari ya wagonjwa ilianza kutumia mfumo mpya wa kompyuta tarehe 26 Oktoba. Fujo za siku mbili za mwanzo zilikuwa na sababu nyingine. Usiku wa kuamkia tarehe 4 Novemba, muda mfupi baada ya saa nane, mfumo ulizorota, kisha ukaganda kabisa. Wahudumu walizima na kuwasha mitambo yao kama walivyoelekezwa, haikufaa kitu. Mtambo wa akiba nao haukushika zamu. Wakarudia karatasi, huku wagonjwa wakingoja. Taarifa ya uchunguzi ya mwaka 1993 ilieleza kwamba wiki tatu hivi kabla, fundi aliyekuwa akirekebisha programu alisahau humo kipande kidogo. Kila gari lilipotumwa, kipande hicho kiliazima nafasi kidogo na hakikuirudisha.

Nyumbani, mama azimaye simu iliyozubaa na kuiwasha tena hupata nafuu ya kweli, maana vyote vilivyoazimwa hurejea. Lakini huko ni kufua maji. Kalafati ni kazi ya karakana, na hata programu ambazo fundi huandikia kazi yake huweza kuvuja zikiachwa wazi kutwa.

Tangu mwaka 2002 iko Valgrind, programu ya bure iliyoanzishwa na Julian Seward, ambayo huandika kila kilichoazimwa na kurudishwa, kisha huonyesha mstari ulioazima nafasi isiyorudishwa. Huichelewesha programu ipimwayo mara kumi na zaidi, hivyo mafundi wenye haraka huikwepa. Mtambo wa kituo cha polisi, usiozimwa usiku wala mchana, wafaa ujaribiwe siku nyingi mfululizo kabla ya kupokewa, na kila asubuhi ipimwe nafasi iliyobaki.