Mwenzako Hali Karanga? Mnavyoweza Kula Nje Bila Kuishia Hospitali

Mwisho wa mwezi umefika, mshahara umetoka, na wewe na ubavu wako mmeamua wikiendi hii hakuna kupika. Labda ni nyama choma mnadani, labda ni harusi ya rafiki pale Kibaigwa, labda mnafunga safari kabisa kwenda kupunga upepo. Kwa wengi wetu swali ni moja tu: tutakula wapi? Lakini kwa mwenye mzio wa karanga, ule tunaozoea kuuita aleji, kuna swali lingine linalomkaa rohoni: nitarudi nyumbani salama?

Na kama makazi yenu ni Kongwa, swali hilo lina uzito wake. Hii ndiyo wilaya ambayo jina lake lilivuma duniani kwa sababu ya karanga. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza, ambayo wananchi wake walikuwa na uhaba wa mafuta ya kula baada ya Vita Kuu ya Pili, ilileta matrekta Kongwa kufyeka pori na kupanda karanga. Lengo la mpango mzima lilikuwa zaidi ya ekari milioni 3, yakiwemo mashamba ya hapa Kongwa, Urambo na Nachingwea. Mambo yakawaendea kombo. Mibuyu iligoma kung'oka, mvua zilikuwa haba, na udongo wa mfinyanzi ulipokauka ukawa mgumu kama saruji. Mwaka 1951 mradi ulifutwa baada ya kumeza takriban pauni milioni 36. Wazungu waliondoka, karanga zikabaki kwa wakulima wetu, na hadi leo zimo kwenye mlenda, kwenye mchicha, kwenye uji na kwenye vikaratasi vya watoto wanaouza pembeni ya mabasi.

Sasa utafanyaje kama umempenda mtu ambaye mwili wake hautaki kabisa kitu hicho? Msomaji wangu, usimkimbie. Soma hapa.

Mzio si madaha

Tuanze na hili maana ndilo linaloumiza wengi. Kwetu, kukataa chakula cha mtu ni kama kumkataa mwenyewe. Mwenye mzio akisema "sili hicho", minong'ono inaanza: anaringa, amezoea vya mjini, anajifanya mzungu. Kwa kuogopa aibu, anajilazimisha kuonja kidogo. Hapo ndipo hatari ilipo.

Mzio ni kinga ya mwili kukosea adui. Mwili unaiona protini ya karanga kama mdudu hatari na kuishambulia kwa nguvu zote. Dalili huanza ndani ya dakika chache hadi saa mbili hivi: mdomo kuwasha, mabaka ya kuvimba kwenye ngozi, midomo na macho kufura, kutapika, kifua kubana. Ikiwa kali, pumzi hukata na presha hushuka ghafla, na mtu anaweza kupoteza maisha. Hakuna "kidogo tu haidhuru", na mtu hauzoei mzio kwa kujilazimisha mwenyewe jikoni.

Usichanganye na mambo mengine mawili. Tumbo kujaa gesi baada ya kula karanga nyingi si lazima liwe mzio. Na sumukuvu, ile sumu ya ukungu inayoota kwenye karanga na mahindi yaliyohifadhiwa vibaya, haichagui mtu. Inamdhuru kila anayeila. Mzio unamchagua mmoja mezani huku wengine wakila na kushiba. Kama hamna hakika, nendeni kwa daktari mkamweleze alikula nini, kiasi gani, na baada ya muda gani hali ikabadilika.

Karanga inajificha wapi?

Ile unayoiona haina shida, unaipita tu. Ya kuogopa ni isiyoonekana.

- Mboga za majani. Mlenda, mchicha, kisamvu na majani ya kunde hupikwa mara nyingi kwa karanga zilizosagwa. Ukiangalia kwa macho utadhani ni nazi au maziwa.

- Uji wa lishe. Unga wake mara nyingi husagwa pamoja na karanga. Hata unga mtupu wa mtama au uwele unaweza kubeba karanga kama umepita kwenye mashine iliyotoka kusaga mchanganyiko huo.

- Mafuta. Ugogoni alizeti ndiyo inatawala, lakini mashine ya kukamua inaweza kupitisha alizeti leo na karanga kesho. Mafuta ya karanga yaliyosafishwa vizuri kiwandani hubaki na protini kidogo sana; yale ya kukamuliwa tu mtaani hubaki nayo.

- Vitafunio. Kashata utaijua. Lakini bisi, ubuyu na korosho zinazouzwa kwenye sinia moja na karanga nazo zina hatari yake.

- Mwiko na upawa. Mboga yenyewe inaweza kuwa safi, ila upawa umetoka sufuria ya jirani. Hiyo nayo inatosha kumwangusha mtu.

Mkiwa Pwani au Kenya, kumbukeni kuwa wengi wanaziita njugu. Ulizeni kwa majina yote mawili.

Uliza hivi, usiulize vile

Ukimuuliza mhudumu "hii ina karanga?" atatazama sahani, hataona punje, atajibu "hapana". Hajakudanganya. Ameangalia punje, wewe ulimaanisha unga. Kwa hiyo fika kwa anayepika na useme mambo matatu: tatizo lako, hatari yake, na unachotaka kujua.

"Shikamoo mama. Mwenzangu akila karanga hata kidogo anabanwa pumzi, anakimbizwa hospitali. Kwenye mboga hii kuna karanga za kusaga? Mafuta ni ya nini? Na upawa huu umeingia sufuria nyingine?"

Sikiliza jibu lake. Akikuambia "ngoja nikupakulie ya pembeni kwa kijiko kingine", huyo ameelewa. Akisema "zipo kidogo tu, hazina neno", mshukuru na uhame meza. Asipokuwa na uhakika, kula kitu kinachopikwa mbele ya macho yenu: ndizi ya kuchoma, mayai ya kuchemsha, nyama iliyotiwa chumvi na ndimu tu kwenye wavu uliosuguliwa. Hapo Kongwa mmebahatika, maana nyama haijawahi kuwa shida.

Na mwenye mzio asiachiwe peke yake kazi ya kuuliza. Ukiwa mpenzi wake, uliza wewe. Atajisikia ana mtu.

Harusini na ukweni

Bufee ya harusi ndiyo mtihani mkubwa. Wageni wanachanganya vijiko, majina ya vyakula hayaandikwi, na mpishi yuko nyuma ya ukumbi. Mpigieni mtu wa kamati siku mbili kabla. Siku yenyewe, ombeni kupakua mwanzo kabla vijiko havijatembea. Kama ni harusi yenu wenyewe, hakikisheni mwoka keki anajua, maana ile keki ya kulishana mbele ya watu itaingia mdomoni kabla hujapata nafasi ya kuuliza.

Ukweni ni pagumu zaidi. Mama mkwe kaamka alfajiri, kakupikia mlenda wa karanga kwa mapenzi yote, utamwambiaje? Jibu ni rahisi: usimwambie wewe. Mwenye kwao ndiye anayesema, tena mapema, kwa simu, kabla jiko halijawashwa. "Mama, mwenzangu karanga zinamuua, tafadhali mpikie mlenda mtupu kwenye chungu chake." Mzazi akielewa kuwa ni suala la uhai, atakuwa mlinzi wa kwanza. Anayeumia ni yule anayeambiwa mezani mbele ya wageni.

Na busu je?

Mlidhani tungeliruka? Protini ya karanga inabaki kwenye mate. Mwaka 2006 watafiti wa New York walichapisha matokeo ya kupima mate ya watu waliokula siagi ya karanga. Kupiga mswaki au kutafuna bigijii papo hapo hakukutosha kuwa kinga ya kutegemea. Kwa wengi protini haikupimika tena baada ya saa moja, lakini ushauri wao ulikuwa salama zaidi: subiri saa kadhaa, kisha ule mlo mwingine usio na karanga, ndipo umkaribie mwenzio.

Kwa hiyo kaka, kama umetafuna karanga na bia ukiangalia mpira, usimrukie mama watoto mlangoni. Mikono nayo ioshwe kwa sabuni na maji. Dawa ya kutakasa mikono pekee haiondoi protini hiyo. Wapenzi wengi huamua mambo yawe mepesi: siku za kutoka pamoja, wote wawili hawali karanga.

Jambo jingine wengi hawalijui. Pombe, dawa za maumivu kama aspirini, na mazoezi makali vinaweza kuufanya mzio uwe mkali zaidi. Ina maana mvinyo wa zabibu za Dodoma pamoja na kucheza muziki hadi jasho likutoke mara baada ya mlo wa kubahatisha si mpango mzuri.

Mkitoka mbali kidogo

Tangu Julai 2024 treni ya SGR inafika Dodoma, na sasa watu wa kanda ya kati wanashuka Dar es Salaam kwa saa chache, wakapeleka watoto kwenye michezo ya maji Kunduchi. Raha tupu, ila sehemu za namna hiyo mnakula mlichokikuta, mkiwa na njaa na haraka. Pigeni simu kabla muulize kama wanaruhusu chakula cha kutoka nyumbani kwa sababu za kiafya. Bebeni hotipoti yenu kwa ajili ya njiani, na mwambieni mtoto asipokee kitafunio cha rafiki mpya kwenye foleni ya mabembea.

Wenzetu wameenda mbele. Kwenye bustani za Disney huko Florida, Marekani, migahawa mingi ina menyu za wenye mzio, na mgeni anaweza kuomba kuongea na mpishi. Hata hivyo, Oktoba 2023 daktari mmoja kutoka New York, mwenye mzio wa maziwa na jamii ya njugu, alifariki baada ya kula kwenye mgahawa wa kampuni nyingine katika eneo la Disney Springs. Mumewe alifungua kesi akidai kwamba walimuuliza mhudumu mara kadhaa na kila mara wakahakikishiwa kuwa chakula ni salama. Menyu nzuri inasaidia, lakini haiondoi haja ya kujiandaa kwa lolote.

Likitokea, fanya haya

1. Dawa ya kwanza ni adrenalini, inayochomwa kwenye msuli wa paja upande wa nje. Piritoni hupunguza muwasho wa ngozi, haifungui njia ya hewa. Usiipoteze saa ya mgonjwa kwa kusubiri vidonge vifanye kazi.

2. Kalamu maalumu za kujichoma adrenalini usitegemee kuzikuta kwenye duka la dawa la mtaani. Mkipata daktari wa kuwaandikia na njia ya kuagiza, ni vyema. Msipopata, jueni kabla ya kukaa mezani ni kituo gani cha afya kilicho karibu chenye sindano hiyo saa hiyo ya usiku. Kutoka Kongwa hadi Dodoma mjini ni zaidi ya kilomita 80. Mgonjwa aanze kuchomwa karibu, safari ifuate.

3. Mlaze chali na miguu juu. Akihema kwa shida, akae, lakini asisimame wala kutembea. Kwa hiyo bodaboda si usafiri wake. Wekeni namba ya dereva wa gari kwenye simu mapema.

4. Akipata nafuu msiondoke mara moja. Dalili zinaweza kurudi baada ya saa kadhaa, hivyo akae chini ya uangalizi.

Mkiwa na mtoto njiani

Wazazi watarajiwa, msiifukuze karanga nyumbani kwa ajili ya mtoto kabla ya kupata ushauri. Utafiti wa London uliotolewa mwaka 2015 ulifuatilia watoto wachanga 640 waliokuwa katika hatari ya kupata mzio. Walioanza kulishwa karanga mapema walipata mzio kwa kiwango pungufu kwa zaidi ya asilimia 80, walipofika miaka mitano, kuliko walionyimwa. Bibi zetu waliokuwa wakitia karanga kwenye uji wa mtoto huenda walikuwa mbele ya madaktari! Ila mtoto mwenye pumu kali ya ngozi, au ambaye tayari ana mzio wa mayai, aonwe na daktari kwanza. Na iwe karanga iliyosagwa laini. Punje nzima humkaba mtoto. Kama mzazi mmoja ndiye mwenye mzio, mwingine amlishe, aoshe vyombo na mikono, maisha yaendelee.

Wapendanao, kumjua mtu ni zaidi ya kujua rangi anayoipenda na timu anayoishabikia. Mjue mwili wake pia. Usiku wa leo, kabla ya kuagiza, muulize: "Ukizidiwa hapa, nifanye nini kwanza?" Kama jibu hamlijui wote wawili, hilo ndilo la kuzungumza kabla menyu haijafika.